Kiwiko cha Baba Mkubwa

Kwenye ukuta wa sebule ya baba yangu, pale Bonga, kulikuwa na picha ya mahafali yangu yenye watu watano na kiwiko kimoja. Katikati nilikuwa mimi, nimevaa joho la kuazima na kofia iliyonikaa kama kifuniko cha sufuria. Upande mmoja walisimama baba na mama, upande wa pili dada yangu na mumewe. Baada ya shemeji, pale picha inapokutana na mbao ya fremu, kilichungulia kiwiko ndani ya mkono wa koti la kahawia. Kiwiko hicho kilikuwa cha baba mkubwa.

Baba mkubwa ni kaka wa baba, mkulima wa Mutuka. Nilipokuwa kidato cha tano aliuza maksai wake wawili ili nisirudishwe nyumbani, na msimu ule alilima kwa jembe la mkono bila kumweleza mtu sababu. Siku ya mahafali alipanda basi hadi Dar es Salaam, siku nzima, na koti la kahawia amelilaza mapajani lisipate mikunjo. Mpiga picha wa pale viwanjani alikuwa na haraka, kwa kuwa nyuma yetu familia nyingine zilikuwa zimeshajipanga. Alisema "sogeeni, sogeeni," tukasogea, akabonyeza, akapokea chake. Picha ilipofika tukakuta baba mkubwa hakusogea vya kutosha. Hivyo ndivyo tulivyosema nyumbani: yeye ndiye hakusogea. Nilikuwa na shahada mkononi na sikuona kasoro yoyote katika hoja hiyo.

Hakulalamika. Aliendelea kuja Bonga kila baada ya wiki mbili, akakaa chini ya kiwiko chake, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe. Mpaka Jumapili moja tulipotembelewa na mchungaji mgeni. Baba, kwa furaha ya kupata mtu ambaye hajawahi kuiona ile picha, alinyanyua fimbo yake na kuanza kutaja.

"Huyu ni mama yao. Huyu ni mimi, enzi za nywele. Huyu ndiye msomi wetu. Huyu binti, na huyu mkwe." Fimbo ikafika kwenye kiwiko, ikasita kidogo. "Na hapa," akasema baba, "picha imeisha."

Baba mkubwa alirudisha kikombe kwenye kisahani bila kutoa mlio. Akachukua kofia yake. Alimuaga kila mtu kwa mkono, mchungaji wa kwanza, baba wa mwisho, akaondoka. Hakukanyaga Bonga tena kwa miaka minne. Baba naye aliapa kwamba hajamkosea mtu, kwani je, picha haikuwa imeisha?

Miaka hiyo mimi nilikuwa nimeshahamishiwa Babati. Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga, umetoka tu kumegwa kutoka Arusha, na mji ulijaa watu wa aina yangu, wenye shahada na mafaili lakini wasio na ofisi. Idara yetu ilipanga nyumba ya mfanyabiashara mmoja, pale Bagara. Mkuu wangu alikaa katika chumba ambacho darini bado kulikuwa na ndoano ya chandarua. Masijala ilikuwa jikoni, na barua za siri zilihifadhiwa kwenye kabati la vyombo. Kila wiki tulizindua kitu: choo, kisima, kamati, hata mpango wa kuzindua vitu vingine. Na kila kilichozinduliwa kilitaka picha.

Ndipo nikanunua kamera. Niliinunua kwa mtafiti wa kigeni aliyekuwa akichunguza viboko wa Ziwa Babati na sasa alikuwa anarudi kwao. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kidijitali, ya kubadilisha lenzi. Ilikuja na lenzi mbili, moja ndefu ya kuvuta, nyingine fupi na nene kama kopo la maziwa ya unga, stendi ya miguu mitatu, betri moja, mkoba wenye vijumba visivyo na idadi, na kitabu cha maelekezo cha kurasa nyingi, kwa Kijerumani.

Mke wangu aliitazama mezani kwa muda.

"Hii ni kamera au mashine ya kusaga?"

"Ni kamera ya kitaalamu," nikamjibu.

"Na mtaalamu ni nani?"

Swali hilo nililiruka. Ukweli ni kwamba kamera ilinipandisha cheo kabla sijajua inavyowashwa. Nilikuwa afisa wa daraja la chini kabisa ambalo bado lina kiti, lakini nikiivaa shingoni wakubwa walinyoosha tai nilipopita. Umati ulinipisha. Mkuu wa idara, ambaye kwa kawaida aliniita kwa kugonga meza, siku hizo aliniuliza kwa sauti laini asimame upande gani. Na watu mtaani walikuwa na maswali yao, ambayo ni mawili tu. La kwanza: "Ina mega ngapi?" La pili: "Inavuta mpaka wapi, inafika Kwaraa?" Nilijifunza kujibu kwamba mlima Kwaraa inaufikia, na ukitaka ng'ombe mmoja mmoja inakuhesabia. Hakuna aliyewahi kuniomba nithibitishe.

Maswali yangu mwenyewe yalikuwa mengi zaidi na ya aibu zaidi. Niliyaandika kwenye daftari la ofisi, ishirini na tatu kwa jumla, nikayapeleka kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi ya mabasi. Kijana wa pale alinisalimia "mambo, mzee," nikamjibu "poa" kwa sauti ya mtu aliyezoea, kisha nikamwomba anionyeshe pa kubonyeza. Alinipeleka kwenye ukumbi wa mtandaoni ambapo wapenzi wa kamera wa dunia nzima huulizana na kujibizana. Nikamwaga maswali yangu kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Herufi zilizo juu ya kile kigurudumu zina kazi gani? Nitumie lenzi ipi? Tundu la lenzi niliweke kwenye namba gani? Je, nahitaji betri ya pili?

Walinijibu upesi na kwa upole: inategemea unataka kupiga nini.

Nikaandika: watu.

Wakajibu: inategemea ni watu gani.

Nikaandika: ndugu. Hapo ukumbi mzima ukanyamaza.

Lakini sikukata tamaa. Kwa mchana kadhaa, wakati wa chakula, nilisoma maswali ya wanaoanza wenzangu na majibu waliyopewa, nikatoka na mafundisho manne. Kwanza, ile alama ya kijani inayoiachia kamera ifanye kila kitu yenyewe ni ya watoto na watalii. Mtu mwenye akili huweka kwenye M na kupanga mwenyewe. Pili, lenzi fupi na nene ndiyo lulu, hasa ikifunguliwa tundu lote, kwenye moja nukta nane. Tatu, na hili walilisema kwa unyenyekevu wa kanisani, dalili ya mpiga picha wa kweli ni kwamba kitu unachokilenga kinakuwa kikali kama wembe na kila kilicho nyuma yake kinayeyuka kuwa ukungu mtamu. Nne, nunua betri ya pili. La nne niliona ni tamaa ya biashara, nikaliacha.

Nilifanya mazoezi kwa mke wangu. Nilimpiga akichambua mchele, ukucha mmoja ukatoka mkali ajabu. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Nzuri," akasema. "Na mimi niko wapi?"

Nikamweleza habari za ukungu mtamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingepaswa kunitisha, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Sasa, wazo la kuwapatanisha wazee lilikuwa la mama. Siku moja aliniambia kwamba ile picha ndiyo iliyoharibu, basi picha ndiyo itengeneze. "Wewe si una lile dude? Mpige shemeji yangu na baba yako, pamoja, watu wazima kabisa, kichwa mpaka viatu. Ile ya kiwiko tutaishusha." Nilikwenda Mutuka kumweleza baba mkubwa. Nilimkuta akipura mbaazi uani, akaendelea kupura nikizungumza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Nitaonekana?"

"Baba mkubwa, hii ni kamera ya kitaalamu."

"Sikuuliza kamera. Nimeuliza kama nitaonekana."

"Utaonekana," nikasema. Nilisema kwa sauti ile ile niliyotumia kuwaahidi watu mlima Kwaraa.

Alikuja Bonga Jumamosi iliyofuata, na koti la kahawia. Wazee walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati. Mama alikuwa amepika pilau, na kwa kuwa wote walikuwa na njaa na hakuna aliyejua aanzie wapi, tukaanza na picha. Nikawapanga barazani. Kwa heshima, baba mkubwa kama kaka akapewa kiti chenye mgongo, kikawekwa ukutani penye kivuli. Baba, kama mdogo, alipewa kigoda, naye akakisogeza mbele hatua mbili ili mjukuu wake mchanga, mtoto wa dada yangu, niliyemwambia ampakate, apate mwanga. Hakuna aliyekosea. Kila mtu alikaa panapomstahili.

Nikapachika lenzi nene. Nikageuza kigurudumu hadi M. Nikafungua tundu lote. Nikalenga jicho la baba, kwa sababu ukumbini walisema jicho la aliye karibu, na nikabonyeza mara kumi na tano. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, ambacho ukubwa wake ni kama kiberiti, wazee wote wawili walikuwa wazuri. Tulikula pilau. Walianza kuongelea bei ya mbaazi, wakahamia kwa baba yao aliyewahi kumfukuza fisi kwa kandambili, na jioni baba alimsindikiza kaka yake hadi barabara ya lami. Mama alinibana mkono mpaka ukauma. Picha nilizituma Arusha kwa basi, moja isafishwe kubwa, ya ukutani.

Ilirudi baada ya siku nne. Niliifungua nyumbani na nikiri kwamba nilijipongeza kwa sauti. Udevu mmoja mmoja wa baba ulihesabika. Machozi kwenye kope za mtoto yalimetameta. Na nyuma yao, laini kama siagi, ulikuwepo ule ukungu mtamu.

Mke wangu alisimama begani kwangu.

"Baba mkubwa hakuja?"

"Huyo hapo."

"Huo moshi?"

"Huo ndio utaalamu," nikamwambia. "Jicho la mtazamaji linaelekezwa."

"Linaelekezwa wapi, na mtu mwenyewe yuko huko nyuma?"

Nilimwona ni mtu asiyeelewa sanaa. Nikaiweka kwenye fremu, nikaifunga kwa kanga, nikaipeleka Bonga, ambako baba mkubwa alikuwa amekuja mwenyewe, bila kuitwa, kuingojea. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Nilifungua kanga mbele yake kwa mbwembwe, kama ninavyofanya kwenye uzinduzi wa visima.

Aliitazama. Akatoa leso mfukoni, akafuta kioo pale penye kichwa chake. Akatazama tena. Akafuta tena, safari hii kwa nguvu, akapulizia pumzi, akafuta. Baba alianza kukohoa bila kikohozi. Kisha baba mkubwa akaelewa kwamba uchafu haukuwa juu ya kioo, akaikunja leso mara nne na kuirudisha mfukoni.

"Mwanangu," akaniambia, "mara ya kwanza mlinikata. Safari hii mmenifuta."

"Baba mkubwa, ni lenzi. Tundu likiwa wazi, kilicho nyuma..."

"Na nani alinikalisha nyuma?"

"Ni heshima, kaka," baba akasema.

"Heshima hiyo mbona wewe umeikimbia na kigoda chako?"

Alisimama. Safari hii hakumpa mtu mkono. Chai ya mama ilikuwa imemiminwa tayari, ikabaki pale ikitoa mvuke. Na baba, badala ya kumfuata, alinigeukia mimi na kusema kwamba gharama zote za kunisomesha zimeishia kumtengenezea ugomvi wa pili wakati wa kwanza haujapoa.

Nilichofanya kesho yake ndicho nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Karibu na soko alikuwepo mzee mmoja mwenye studio, mfupi, wa kofia ya tarizi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akipiga picha watu wa Babati tangu enzi za filamu, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa umechorwa ndege inayopaa juu ya minazi. Mara nyingi nilipita mbele yake na kamera yangu shingoni nikimpungia mkono kwa huruma. Niliingia, nikatoa shikamoo ndefu, nikamwekea ile fremu mezani.

"Marahaba, mheshimiwa," akasema, kisha akainama. Hakuhitaji hata sekunde tano. "Umefungua dirisha lote."

"Moja nukta nane," nikakiri.

"Nani alikwambia?"

"Mtandaoni. Wanasema nyuma kukiwa na ukungu ndiyo picha ya kitaalamu."

Mzee wa studio alivua miwani ili acheke vizuri. "Wao kwao hawana ukungu, ndiyo maana wanautafuta. Sisi ukungu tunao wa bure, kila asubuhi unashuka Kwaraa. Mimi tangu nianze kazi hii hajawahi kuingia mtu hapa akasema mzee, nipige na mke wangu, ila mke umyeyushe." Akafuta macho. "Mtu wa hapa akija kupiga picha anataka waonekane wote. Aonekane yeye, na mkewe, na redio, na baiskeli, na mlango wa bati mpya. Ukikata kimoja umemtukana. Ukikififisha umemtukana zaidi, maana kukata ni bahati mbaya, kufifisha ni makusudi."

Nikafungua daftari. Akaniambia nilifunge.

"Yako maneno machache tu. Funga tundu, peleka kumi na moja. Namba ikikua, tundu linakuwa dogo, na walio mbele na walio nyuma wote wanatoka wakali. Hilo la kwanza. La pili, hata tundu likiwa dogo usijaribu bahati: wapange mstari mmoja, mabega sawa, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. La tatu, tumia stendi. Wewe utasimama wapi?"

"Nyuma ya kamera."

"Basi kuna mtu wa familia atakosekana, na watauliza kwa nini. Hapo pana alama ya saa. Ukiiweka, kamera inangoja sekunde kumi ndiyo ibonyeze. Unakimbia, unaingia."

Niliuliza kama anashauri niweke kwenye M. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeuliza kama anaweza kuendelea kunywa.

Kumleta baba mkubwa Bonga mara ya tatu kusingewezekana, na mke wangu ndiye aliyesema tusijaribu. "Aliyefutwa hafuatwi kwa barua. Mwende nyinyi." Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulikwenda Mutuka, mimi, mke wangu, mama, na baba, ambaye njia nzima alieleza kwamba yeye anakuja kwa ajili ya kutembea tu. Nilibeba stendi begani, miguu yake mitatu ya chuma ikimetameta juani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ukumbi wa dunia nzima usingeweza kunionya. Siku hizo mji ulikuwa unapanuka, na kila mtu wa pembezoni alikuwa akiamka na kukuta watu wa ardhi wamesimamisha kitu chenye miguu mitatu kwenye mahindi yake. Nilipoitandaza stendi yangu uani kwa baba mkubwa na kuweka kamera juu yake, nikainama nikafumba jicho moja. Nilipoinua kichwa, mbaazini kulikuwa na watu. Walikuwa wanakuja kutoka kila upande, wengine na majembe. Jirani mmoja wa kike, bibi wa makamo ya mama, alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa minyaa uliotenganisha shamba lake na la baba mkubwa, akasimama juu yake kama mlinda mlango.

"Mpaka ni hapa!" akapiga kelele. "Hapa nilipokanyaga! Andika!"

"Mama, sipimi shamba," nikasema.

"Wote mnasema hivyo mkianza."

Baba mkubwa alitoka ndani kwa kelele hizo, na fulana ya ndani. Aliona stendi. Akamwona mdogo wake. Akaniona mimi.

"Umekuja kunipimia kaburi sasa?"

"Shikamoo baba mkubwa. Nimekuja kurudia picha."

"Sitaki kuwa moshi mara mbili."

Baba ndiye aliyesogea. Alitembea mpaka mbele ya kaka yake, akiwa na kofia mkononi, majirani wote wakiangalia, na yule bibi akiwa bado kwenye minyaa.

"Kaka, siku ile ya mchungaji," akasema, "fimbo ilifika kwenye kiwiko chako nikaona aibu. Niliona aibu kueleza kwamba mtu aliyemsomesha kijana ndiye tuliyemkata. Nikasema picha imeisha. Haikuwa imeisha."

Baba mkubwa alitazama chini, akasugua ardhi kwa kidole cha mguu. Kamera yangu ikalia kidogo, tii, tii. Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawakawaka.

"Nangoja kupimwa hapa!" bibi akakumbusha.

"Hapimi shamba, mama," baba mkubwa akamjibu kwa sauti kubwa. "Anapima sura." Na kisha, kwa sauti ndogo, kwangu: "Ngoja nivae koti."

Aliporudi na koti la kahawia ndiye aliyetupanga, mbele ya ukuta wa nyumba yake, na hakutaka kiti. Mstari mmoja, mabega sawa. Yeye katikati, baba na mama upande wake wa kulia, mke wangu upande wa kushoto, na baada yake nafasi pembeni kabisa kwa ajili yangu. Niliweka tundu kumi na moja. Nilichungulia: kila mtu alikuwemo, na nafasi yangu ilikuwemo. Taa nyekundu iliendelea kuwakawaka. Niliikumbuka ile betri ya pili, niliyoiita tamaa ya biashara, nikajua tuna picha moja. Nikageuza alama ya saa, nikabonyeza, nikaanza kukimbia.

Wakati huo huo bibi wa minyaa, akiwa ameelewa hatimaye kwamba kinachogawiwa hapa si ardhi, aliamua hawezi kuachwa. Aliingia katikati ya mstari na jembe lake.

"Sogeeni, sogeeni!" baba mkubwa akasema kwa ukarimu. Wakasogea. Nilipofika, pale palipokuwa na nafasi yangu alikuwepo mke wangu. Nikajibana ubavuni mwake, nikapandisha kidevu, nikatabasamu. Kamera ikabonyeza, ikalia mara moja kwa huzuni, ikazimika.

Picha hiyo ndiyo iko Bonga leo, mahali pa ile ya mahafali. Baba mkubwa yuko katikati, mkali kuanzia kofia mpaka viatu. Vifungo vya koti vinahesabika, na mfuko wa kifuani unaonyesha ncha ya leso iliyokunjwa mara nne. Jembe la bibi limetoka vizuri sana. Nyufa za ukuta nyuma yao zinaonekana zote, na kuku mmoja ambaye hakuna aliyemwona siku ile. Mzee wa studio alipoiona alisema neno moja, "naam," na sijawahi kupata sifa kubwa zaidi katika kazi yoyote.

Mwezi uliofuata mchungaji yule alipita tena. Baba mkubwa alikuwepo, amekaa chini ya picha, kikombe mkononi. Baba akanyanyua fimbo yake, safari hii akaanzia katikati.

"Huyu ni kaka yangu mkubwa. Huyu ndiye aliyemsomesha kijana. Huyu ni mimi, nywele zimekwisha. Huyu ni mama yao. Huyu ni jirani, alikuja kwa mambo mengine. Huyu ni mkwe wangu."

Fimbo ikafika ukingoni. Pale, ukigusana na mbao ya fremu, ulikuwepo mkono wa shati jeupe la ofisini, na ndani yake kiwiko. Baba akasita. Mchungaji akasogea karibu kuangalia. Mimi nikatazama miguu yangu.

Baba mkubwa alimeza chai iliyokuwa mdomoni, bila haraka yoyote.

"Na hapa," akasema, "picha imeisha."